Kitanda cha Zamu

Ukigombana na mtu Arusha, mji wenyewe unakusaidia. Yeye akikaa Lemara, wewe unaanza kupitia Sekei. Yeye akinunua mboga soko hili, wewe unakwenda lile, hata kama nyanya zake zimebonyea. Miezi inapita, mnakuja kukutana kwenye harusi ya watu, mnasalimiana kwa kuinua kidevu, kila mmoja anarudi kwenye sahani yake ya pilau. Ndivyo watu wanavyoishi na majeraha yao.

Lakini uwekwe na mtu huyo ndani ya boti ya matanga yenye urefu wa mita kumi na mbili, katikati ya bahari ya Atlantiki, nchi kavu iko mbele mwendo wa siku tisa, halafu uambiwe kwamba kitanda ni kimoja na mtalala kwa zamu! Hapo ndipo alipokuwa Anande binti Ebenezer, na siku hiyo ilikuwa ya kumi na moja.

Hakuwa akilala naye, tuelewane. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Daktari Hans na mkewe, Mama Ingrid, wenye boti. Chumba cha mbele kilirushwa na mawimbi mpaka mifuko ya matanga iliyowekwa humo ilikuwa ikipigana yenyewe kwa yenyewe. Kilichobaki ni kitanda chembamba cha katikati, ubavuni mwa jiko, chenye kitambaa kigumu kilichofungwa pembeni ili mtu asiporomoke. Lemburis, mtu mwenyewe, akiwa kwenye usukani, Anande analala. Anande akiwa kwenye usukani, Lemburis analala. Kitanda hakikuwahi kupoa.

Kila saa kumi na mbili asubuhi mambo yalikwenda vilevile. Anande aliamka, akavaa mkanda wa usalama, akapanda ngazi tatu, akanasa kamba yake kwenye chuma kabla ya kutoa mguu wa pili nje.

"Upepo?" aliuliza.

"Uleule."

"Meli?"

"Hakuna."

Lemburis akamwachia usukani, akampita huku ameangalia miguu yake mwenyewe, akashuka. Na kupitia mlango wa ngazi Anande alimwona, kila asubuhi bila kukosa, akiushika mto ambao kichwa cha Anande kilikuwa kimetoka kuulalia, akaugeuza upande wa pili ndipo akajilaza. Maneno manne na mto uliogeuzwa. Anande hakujua ni kipi kilimuuma zaidi.

Na yeye je? Zamu yake ya kulala ilipofika aliulalia mto ule kama ulivyo, katika joto aliloliacha Lemburis, akajichukia mpaka usingizi ukamchukua. Mapenzi hayana aibu. Unaweza kumkasirikia mtu miaka mitatu, na pua yako isipewe taarifa.

Waliingiaje kwenye mtego huo? Aliyewaingiza ni Daktari Hans, na nia yake ilikuwa njema. Mzee huyo alifanya kazi Arusha miaka ishirini. Mlima Meru aliupanda mara tatu, na mara zote tatu aliyemwongoza ni Lemburis, kijana wa Kiarusha kutoka Olmotonyi. Kila Ijumaa alikula mtori kwenye mgahawa mmoja wa Sekei ambako Anande alikuwa mpishi. Alipostaafu alinunua boti, akaiita Meru, akatafuta watu wawili wasioogopa kazi. Alimwalika kila mmoja peke yake, akidhani anawaandalia furaha ya kukutana ugenini. Anande alijua ukweli bandarini, kwenye visiwa vya Kanari, alipomwona mtu akitokeza kutoka chini na bunda la kamba begani.

"Karibu," Lemburis alisema, uso umefungwa kama duka siku ya msiba.

Angegeuza palepale. Lakini mtaa mzima wa Lemara ulikuwa umeshaambiwa kwamba Anande anakwenda kuvuka bahari, na aibu ya kurudi iliishinda hofu ya kwenda.

Basi akavuka. Alijifunza kupika kwenye jiko lililoning'inizwa ili libembee pamoja na boti, kiuno chake kimefungwa kwa mkanda asije akarukia sufuria. Vyombo vilioshwa kwa maji ya bahari. Maji baridi yalipimwa, kila mtu chupa zake za siku, za kunywa na za kusuuza uso. Mkungu wa ndizi walioutundika nyuma, aliokuwa ameuwekea matumaini ya mtori, uliiva wote siku moja, wakala ndizi mbivu mpaka wakachukiana nazo. Kitu kibichi pekee kilichobaki ni trei ya Mama Ingrid. Alikuwa ameotesha ngano juu ya kitambaa chenye unyevu, chini ya dirisha la paa, akisubiri ikue aikamue juisi. Anande ndiye aliyepewa kazi ya kuimwagilia, kijiko kimoja asubuhi, kijiko kimoja jioni. Wakati mwingine aliinamisha pua karibu na trei ile ili tu anuse kitu ambacho si chumvi.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumapili, na Jumapili ilikuwa siku ya simu. Daktari alimpa kila mtu dakika kumi za simu ya setilaiti, iliyofungwa ukutani hatua mbili kutoka kitandani na ikisikika kwa spika tu. Mama Ingrid alikuwa amelala chumbani kwake. Daktari alikuwa amemshikia usukani. Lemburis, aliyepunguza tanga mara mbili usiku, alikuwa bado nyuma ya kile kitambaa cha kitanda, na Anande alimwomba Mungu awe amelala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Hujazama bado?"

"Bado, mama."

"Mchungaji amekutaja leo kwenye maombi. Sasa sikiliza, dakika zako ni chache. Wazee wa Gadiel wameleta barua."

"Barua gani?"

"Eti barua gani! Ya posa. Baba yako ameshaipokea. Ukitua tu huko unakotua, panda ndege. Jumamosi inayofuata wanakuja na wazee wao."

"Mama, mimi sijasema ndiyo."

"Hapana nayo hujasema. Na umri nao unasema, Anande. Gadiel ni mtu wa kwetu, ana duka lake, kanisani hakosi. Unataka nini tena, malaika?"

"Nisubirini nirudi tuongee."

"Tuongee mbuzi akiwa ameshachinjwa? Mae! Na mara hii watu watakuja kweli, tena kwa adabu. Si kama wale waliotuletea majani ya ng'ombe." Mama akacheka. "Mpaka leo baba yako akipita bandani anamwambia ng'ombe, 'Kula, mama, kula posa yako.'"

Anande alirukia kitufe kuizima, lakini dakika zilikuwa zimekwisha na simu ikajikatia yenyewe. Zikabaki sauti za mbao kulia na vijiko kugongana kwenye droo. Kitambaa cha kitanda kikasogea.

"Majani ya ng'ombe?"

Kwa siku kumi na moja hilo lilikuwa swali la kwanza Lemburis kumuuliza.

"Umesikia yasiyokuhusu," Anande alisema bila kugeuka.

"Boti hii haina yasiyonihusu. Nimeuliza, majani ya ng'ombe?"

"Sasa yaitweje?" Akageuka. Miaka mitatu ilikuwa imemjaa kooni na sasa ilitoka yote. "Wajomba wametoka Kilema, mbuzi wameiva, pombe ya mbege ipo tayari, mimi nimekaa na gauni jipya tangu asubuhi kusubiri wazee wenu. Hakuna mtu. Hakuna hata simu. Baba yangu anawaambia wageni wale tu, waende. Unajua aibu ya kumwambia mjomba ale tu, aende? Halafu Jumatatu mama yako anafika getini na wazee wawili, hasemi neno, ananinyooshea fungu la majani. Majani, Lemburis! Sisi Wachaga tunaofuga bandani, tunaokata majani na kuyabeba kichwani, mnavyotuchekaga kila siku kwamba ng'ombe wetu ni wafungwa. Nikasema hawa sasa wamekuja kutumalizia."

"Kwa hiyo ukampa ng'ombe."

"Nikampa ng'ombe. Mbele yake." Hakuinamisha macho. "Na ningerudia."

Lemburis alikaa kitako, miguu chini, mkono umeshika bomba la paa kwa sababu boti ilikuwa inalala ubavu. Alipoongea, aliongea taratibu, na Anande aliogopa zaidi kuliko kama angepiga kelele.

"Ile Jumamosi baba mkubwa alianguka Kisongo, wakiwa njiani kuja kwenu. Presha. Yeye ndiye mshenga, na simu yenye namba zenu ilikuwa mfukoni mwake. Walimkimbiza hospitali, nani angekumbuka simu? Mimi nilikuwa mlimani na wageni. Hilo unalijua."

"La baba mkubwa hakuna aliyeniambia."

"Ungeambiwa saa ngapi? Wale wazee wawili walikuja kukuambia. Lakini kwetu hatuanzi na maneno. Tunaanza na nyasi. Watu wawili wanapigana, rungu liko hewani, mmoja akichuma nyasi mbichi akaziinua, mwenzake lazima ashushe mkono. Ni amani hiyo. Ni kuomba radhi. Mama yangu, yeyo, alizichuma kisimani kwetu, maana kilikuwa kiangazi na kwingine kote kulikauka. Akazishika mkononi kutoka Olmotonyi mpaka Lemara. Hakuziweka hata kwenye mfuko."

Anande alishika ukingo wa jiko. Aliuona tena mkono ule wa mama mtu mzima, bangili za shanga, na lile fungu. Nyasi zote zililazwa upande mmoja, mizizi imeoshwa mpaka ikawa myeupe. Hata siku ile aliliona hilo, sekunde moja kabla ya hasira kumfunga macho. Nani huosha mizizi ya majani ya ng'ombe?

"Kwa nini hukuniambia wewe?" aliuliza, sauti imepungua. "Nilikupigia simu mpaka vidole vikachoka. Hupatikani."

"Nilivunja laini."

"Bila kuniuliza!"

"Nikuulize nini? Niliamini unajua. Umezaliwa Arusha, Anande. Umesoma na Waarusha, maziwa ya mgahawa ulinunua kwa Waarusha, mimi mwenyewe nimekuwa wako miaka miwili. Nani angefikiri hujui nyasi? Nilisema ameamua. Amenijibu kwa mkono wa mama yangu."

"Na wewe isale unaijua?"

"Isale ndiyo nini?"

"Jani. Kwetu Wachaga, mtu aliyekukosea akija na jani la isale, huwezi kumkatalia hata kama amekuua nusu. Mama yako angekuja na isale ningepiga magoti palepale getini, na baba angepiga nyuma yangu. Miaka miwili umekuja kwetu. Limeota uani, kando ya bomba, umenawa mikono mbele yake mara ngapi? Hata siku moja hukuuliza ni la nini."

Watu wamekaa mji mmoja tangu enzi za babu, wanauziana ndizi na maziwa, wanaoleana, na kila mmoja anadhani mwenzake ameshafundishwa na mtu mwingine.

"Pole," Anande alisema. Neno likatoka dogo, akaliona lenyewe lilivyo dogo. "Mwambie mama kwamba..."

"Kwa hilo hatumwi mtu." Lemburis alianza kuvaa viatu. "Na mimi tukifika sirudi. Daktari amenipatia boti nyingine inayoelekea kusini. Mwaka mzima, labda miwili."

"Kwa hiyo mimi narudi kwa Gadiel."

"Si umeshaitwa?"

Anande alitaka kukimbia. Mtu akiumizwa hivi kwao anafungua geti, anatembea mpaka Sokon One na kurudi, analia njiani na hakuna wa kumuuliza. Hapa alipanda ngazi tatu, akanasa kamba, na kamba ilikuwa ya mita mbili. Akaketi mwisho wa mita mbili zake na kulia. Mbele maji, nyuma maji, na huko mwisho wa maji kuna mbuzi anayenenepeshwa kwa ajili ya Jumamosi yake. Aliona wazi kwamba hakuingia kwenye kifungo hiki bandarini. Alikiingia siku ile getini, na tangu siku ile hakuwahi kutoka.

Daktari Hans, aliyekuwa kwenye usukani, aliikagua dira kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Hii chumvi," alisema mwishowe, "inaumiza macho sana."

"Ndiyo, Daktari."

Alasiri, Lemburis akiwa juu kwa zamu yake, Anande alikuwa anaimwagilia ile trei. Mama Ingrid alisimama nyuma yake, nywele zimevurugika kwa usingizi.

"Imekua," alisema kwa furaha. "Kesho nakata."

Anande aliziangalia zile ngano. Zilikuwa zimefika urefu wa kiganja, kijani kibichi, zimesimama wima kama nyasi za mwezi wa nne.

"Mama, naomba fungu moja."

"La supu?"

"La kuomba radhi."

Mama Ingrid alitazama juu, mahali ambapo miguu ya Lemburis ilionekana kwenye mlango wa ngazi, akaenda chumbani kwake, akarudi na mkasi.

"Ule wa jikoni ni butu," alisema.

Lakini Anande hakuutumia mkasi. Asubuhi, dakika chache kabla ya saa kumi na mbili, alizing'oa zile nyasi pamoja na mizizi yake, taratibu, akazilaza zote upande mmoja. Akafungua chupa yake ya maji ya siku hiyo. Akaiosha mizizi kwa kikombe kizima, mpaka ikawa myeupe. Kisha akavaa mkanda, akapanda.

Lemburis alisikia kamba ikinasa, akasubiri swali la upepo. Halikuja. Akageuka. Anande alikuwa amepiga magoti juu ya mbao zilizolowa, mikono yote miwili mbele, na ndani ya mikono hiyo kulikuwa na nyasi mbichi, siku ya kumi na mbili bila ardhi yoyote.

"Anande, shika chuma!"

"Sishiki."

"Wimbi linakuja!"

"Lije. Nina kamba." Boti ikainama, akayumba, hakuachia. "Mama yako hayupo, kwa hiyo nakupa wewe. Nilimdharau mtu mzima aliyenijia kwa amani. Sikujua, lakini kutojua hakumfuti mtu machozi. Naomba radhi."

Lemburis hakuweza kuondoka kwenye usukani, wala hakuweza kuacha kuangalia.

"Umezitoa wapi?"

"Kwenye trei. Ni ngano. Nimeziosha kwa maji yangu ya kunywa."

Lemburis alinyanyua mkono mmoja. Anande alidhani anazipokea. Lakini mkono ule ulibaki hewani, kisha ukarudi kwenye usukani.

"Hizo si zangu, Anande."

Anande alibaki ameinyoosha mikono.

"Aliyekataliwa ni yeyo. Mimi sina mamlaka ya kuzipokea kwa niaba yake."

"Sawa," alisema. Hakujua afanye nini na mikono yake. Aliangalia maji.

"Usizitupe!" Lemburis alisema haraka. "Umeshatupa mara moja." Akasawazisha usukani ambao haukuhitaji kusawazishwa. "Zile za kisimani zipo mwaka mzima. Nitakuonyesha pa kuchuma. Lakini utazishika mwenyewe, mkononi, mpaka mlangoni kwake. Hakuna cha mfuko."

"Wewe unakwenda kusini."

"Boti ya kusini itapata mtu mwingine."

"Na barua ya Gadiel? Baba ameshaipokea."

"Hilo nalo tutalikuta hukohuko." Kwa mara ya kwanza tangu bandarini alimwangalia usoni, macho mekundu kwa upepo na kwa mengine. "Nilivunja laini bila kukuuliza. Nimemwacha baba yako na wajomba na mbuzi, miaka mitatu bila neno. Hilo jani lenu, umesema limeota kando ya bomba?"

"Kando ya bomba."

"Itabidi unionyeshe jinsi linavyoshikwa."

Anande alicheka, akalia, hakujua kipi kilianza. Alizifunga zile nyasi kwenye chuma cha ngazi kwa uzi wa kushonea tanga, akasimama, akapokea usukani. Vidole vyao vilikutana juu yake, vikakaa pale kidogo zaidi ya ilivyohitaji kazi.

"Upepo?" aliuliza.

"Umegeuka kidogo."

"Meli?"

"Hakuna."

Lemburis akashuka ngazi. Anande alijikaza asimwangalie, akaangalia. Alimwona amesimama kando ya kitanda, ameushika mto, bado una shimo la kichwa cha Anande. Kisha akaurudisha kama ulivyokuwa, akaulalia.